Friji ya chanjo imepata joto, simu zimenyamaza: kutafuta tatizo kwenye kifaa cha tahadhari kwa SMS

Mwongozo huu ni wa vile vifaa vidogo vinavyofungwa kando ya friji ya chanjo: kihisi joto kimoja au viwili ndani ya friji, kisanduku nje chenye laini ya simu, na orodha ya namba za watu wa kutumiwa ujumbe joto likitoka kwenye nyuzi +2 hadi +8. Aina zake ni nyingi na menyu hazifanani, lakini malalamiko ni yale yale, iwe zahanati ya kijijini au bohari ya chanjo ya mkoa. Mwenye benki ya damu au chumba baridi cha samaki atajikuta humu pia. Abadilishe tu viwango vya joto.

Kabla hujagusa kifaa, angalia chanjo. Soma kipimajoto kingine kilichomo ndani ya friji, kisichotegemea kifaa hiki. Ikiwa joto limetoka kwenye kiwango kweli, kifaa kisubiri: hamishia chanjo kwenye friji nyingine au kwenye kibebea chanjo kilichoandaliwa, kisha umpigie mratibu wa chanjo wa wilaya. Chanjo yenye mashaka usiitupe na usiitumie. Itenge, ibandike karatasi ya USITUMIE, iendelee kukaa kati ya +2 na +8 mpaka upewe maelekezo. Na usijipe moyo kwa sababu alama ya VVM kwenye kichupa, ile inayobadilika rangi kwa joto, bado ni nzuri. Alama hiyo inaonyesha joto, haionyeshi kuganda. Penta, homa ya ini B, HPV, nimonia (PCV) na pepopunda huharibika zikiganda, na kichupa kikishayeyuka utakiona kama hakijapatwa na kitu.

## Kifaa kinawaka, joto limepanda, ujumbe haukuja

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na mara nyingi kifaa hakina kosa. Zima kifaa, toa laini, iweke kwenye simu ya kawaida, ikiwezekana simu ya batani. Simu hiyo itakuambia mengi kuliko taa za kifaa.

Simu inakubali laini, SMS haiendi. Angalia salio. Watu wengi huweka kifurushi chenye dakika na intaneti, cha SMS kimeisha wiki iliyopita. Wengine huweka vocha, vocha inakatwa deni la salio lililokopwa zamani, au inaliwa na huduma za kujiunga kama milio ya simu na dondoo za mpira, ambazo hakuna anayekumbuka nani alijiunga. Jiondoe kwenye huduma hizo, lipa deni, kisha weka kifurushi cha SMS cha muda mrefu kadiri unavyoweza kupata. Kifurushi cha wiki kwenye friji ya chanjo ni kujitafutia shida, maana siku ya kukiongeza itaangukia siku ya kampeni ambapo kila mtu yuko vijijini.

Piga hesabu ya matumizi pia. Tahadhari moja kwa watu 5 ni SMS 5. Ikiwa ujumbe ni mrefu unagawanyika mara mbili, ni SMS 10. Kifaa kikipangwa kurudia kila dakika 15, kifurushi cha SMS 100 kinaisha ndani ya saa mbili na nusu, na usiku bado mbichi.

Simu inadai PIN. Kifaa hakina mtu wa kuibonyeza. Ingia kwenye mipangilio ya simu, ondoa kabisa ulinzi wa PIN kwenye laini, kisha uirudishe. Hapa usibahatishe. Ukikosea PIN mara 3 laini itadai PUK, na ukikosea PUK mara 10 laini imekufa. PUK ipo kwenye kadi kubwa iliyokuja na laini. Kama kadi imepotea, nenda kwa wakala wa mtandao na mtu aliyeisajili.

Simu inasema hakuna huduma, wakati simu nyingine za mtandao huo huo zinasoma. Laini imefungwa. Sababu ya kwanza ni usajili: laini ilisajiliwa kwa jina la mtumishi aliyehama, naye akaifuta alipoona namba asiyoijua kwenye orodha yake. Tanzania na Kenya, *106# inakuonyesha taarifa za usajili. Sababu ya pili ni kukaa kimya. Laini isiyopiga, isiyotuma wala kuongezewa salio kwa miezi kadhaa hufungwa, na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Kifaa kilichopangwa kutuma ujumbe siku ya hatari tu kitaifikisha laini yake huko huko, tena kwa sababu friji ni nzima. Dawa ni ujumbe wa kila siku, hata wa maneno mawili, saa moja asubuhi. Binafsi sikihesabu kifaa kuwa kinafanya kazi kama hakina huo ujumbe. Kimya cha kifaa kinaweza kuwa na maana mbili, na huwezi kujua ni ipi.

Simu inatuma vizuri. Basi rudi kwenye kifaa, ukianzia kwenye orodha ya namba. Vifaa vingi vinataka namba iandikwe kimataifa: +255 au +254, kisha namba bila sifuri ya mbele. Kosa la +2550 lipo sana na halionekani kwa haraka. Angalia pia kama kila namba imeruhusiwa kupokea tahadhari, maana menyu nyingine zinatenganisha namba za kuamuru kifaa na namba za kupokea. Na kama kifaa kina hali ya ulinzi kuwashwa au kuzimwa, hakikisha hakijaachwa kimezimwa na fundi aliyekuja kusafisha friji.

Ukikuta namba ziko sawa, angalia laini ilivyokaa. Laini ndogo ya nano iliyovalishwa fremu ya plastiki ili itoshe kwenye tundu kubwa husogea kidogo kidogo, hasa kisanduku kikiwa juu ya friji inayotetemeka. Omba laini ya ukubwa kamili. Sehemu za dhahabu zifute kwa kitambaa kikavu, usizikwangue kwa kisu.

Mtandao hafifu. Kisanduku kikiwa nyuma ya friji, ndani ya chumba chenye bati juu na nondo dirishani, usishangae. Sogeza antena kwanza, tena karibu na dirisha. Antena yenye sumaku hufanya kazi vizuri ikiwa imesimama juu ya bati pana, si ikiwa imelazwa nyuma ya kabati. Kagua na kichwa cha antena: antena za Wi-Fi zina kichwa kinachofanana kabisa na cha antena za simu, kinajifunga vizuri tu, lakini katikati hakina sindano, kwa hiyo hakuna mguso.

Kama kifaa chako kinaruhusu kuunganishwa na kompyuta, tuma amri hizi:

- `AT+CPIN?` ijibu READY. Jibu lingine lolote, tatizo ni laini.
- `AT+CREG?` ijibu 0,1 (au 0,5 ukiwa nje ya mtandao wako). 0,2 maana yake bado inatafuta mnara. 0,3 maana yake imekataliwa.
- `AT+CSQ` inatoa namba ya 0 hadi 31. Chini ya 10 ujumbe utakuwa wa bahati nasibu, na 99 maana yake hakuna kinachosikika.
- `AT+CSCA?` inaonyesha namba ya kituo cha ujumbe. Kama laini ilibadilishwa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine na namba ya zamani ikabaki humu, kifaa kitaonyesha mtandao umejaa na bado hakuna SMS itakayotoka.

Sababu za nadra, ila zinachosha watu. Kifaa cha msaada kutoka Marekani kinaweza kuwa cha masafa ya 850 na 1900 MHz tu, wakati 2G ya kwetu iko kwenye 900 na 1800. Hakuna mpangilio utakaokiokoa. Halafu kuna IMEI, namba ya utambulisho ya kila simu au modemu. Tangu Juni 2016 Tanzania inafungia vifaa vyenye IMEI bandia, na modemu za bei ya chee huja na IMEI iliyonakiliwa kwenye maelfu ya vifaa. Isome kwenye lebo au kwa `AT+CGSN`, kisha itume kwa SMS kwenda 15090 kwa Tanzania au 1555 kwa Kenya. Ikiwa si halali, rudisha kifaa kwa muuzaji. Atakayekwambia anaweza kuibadilisha IMEI, mwache. Ni kosa la jinai.

## Ujumbe unakuja, lakini umechelewa

Angalia muda wa kusubiri kabla ya kufokea mtandao. Vile virekodi joto vya siku 30 vinavyotumika kwenye friji za chanjo hulia pale joto linapozidi +8 kwa muda wa saa 10 mfululizo, au linaposhuka hadi −0.5 kwa dakika 60. Viwango hivyo vimewekwa kwa ajili ya kuamua kama chanjo imeathirika. Kifaa cha SMS kikinakili saa 10 zile zile, kitakuamsha wakati tukio limeshaisha. Weka onyo la mapema: juu ya +8 kwa dakika 60 hivi, chini ya +2 kwa muda mfupi zaidi. Baridi ndiyo adui wa haraka kwenye friji ya chanjo, ingawa watu wengi wanaogopa joto.

Sababu ya pili inajificha zaidi. Umeme ukikatika eneo zima, mnara nao unahamia kwenye betri, na betri za minara mingine hazifiki mbali. Friji yenye ukuta wa barafu inaweza kuhimili saa nyingi kabla ya kuvuka +8, na ikifika hapo mnara umeshazima. Ujumbe unakaa ndani ya kifaa hadi umeme urudi. Ndiyo maana tahadhari ya umeme kukatika isisubiri joto. Ipangwe kwenda dakika 15 baada ya umeme kukatika, wakati mnara ungali hai. Sehemu ambayo mitandao miwili inasoma, kifaa cha laini mbili za mitandao tofauti kina thamani ya bei yake.

Mara nyingine tatizo ni la mpokeaji: simu ilizimwa, au imejaa ujumbe. Muulize kabla ya kupanda pikipiki.

## Ujumbe unafika nusu, au una viboksi na alama za kuuliza

Hili linasumbua watu kwa miezi na chanzo chake ni alama moja. SMS ya kawaida inabeba herufi 160, mradi kila herufi imo kwenye orodha ya GSM. Alama ya nyuzi, ile duara ndogo kabla ya C, haimo. Ikiingia hata mara moja, ujumbe wote unabadilishwa mfumo na nafasi inashuka hadi herufi 70. Kifaa cha hali ya chini hakijui kugawa ujumbe: kinakata mkia, na mkia ndiko ulikoandika nini cha kufanya.

Alama ya pili ni ya kwetu wenyewe. Ukiandika jina la kituo kwenye kompyuta, mfano Zahanati ya Ng'ambo, programu ya kuandikia hugeuza kile kistari cha Ng' kuwa kilichopinda. Kilichonyooka kimo kwenye orodha, kilichopinda hakimo. Kwa hiyo usinakili jina kutoka kwenye barua. Liandike moja kwa moja kwenye kifaa au kwenye simu ya batani, na badala ya alama ya nyuzi andika C peke yake:

`NG'AMBO FRIJI 2: JOTO 9.4C TANGU 13:40. ANGALIA MLANGO NA UMEME. JIBU 1 UKIFIKA.`

Jina la kituo na namba ya friji vitangulie. Mratibu mwenye vituo 30 akipokea "ALAMU: JOTO JUU" bila jina atafanya nini nayo?

## Saa kwenye ujumbe haiingii akilini

Ukiona tofauti ya saa 3 kamili, kifaa kimebaki kwenye saa ya dunia. Weka +3 kwa Tanzania, Kenya na Uganda. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo weka +2. Usitegemee kifaa kijirekebishe kwa mnara, kwa sababu si kila mtandao unatuma saa.

Tofauti ya saa 6 haimo kwenye kifaa, imo kwenye kusoma. Ujumbe wa 02:15 umesomwa saa mbili na robo asubuhi, mtu akajibu "nilikuwepo kazini, friji ilikuwa nzima", wakati tukio lilikuwa saa nane na robo usiku. Kama kifaa kinaruhusu maneno ya ziada, ongeza USIKU au MCHANA. Kama hakiruhusu, bandika karatasi ya mfano ukutani na uwaelekeze wote, pamoja na mlinzi.

## Tahadhari kila siku, watu wameshazizoea

Kifaa kinacholia hovyo ni hatari kuliko kibovu, maana siku ya kweli hakuna atakayenyanyuka. Tafuta kwa mpangilio huu.

1. Mlango. Siku ya kliniki friji inafunguliwa mara kwa mara, na kihisi kilichoning'inia hewani kinaona kila mfunguo. Muda wa kusubiri wa dakika 30 hadi 60 kwa upande wa joto unatuliza hili.
2. Kihisi kimewekwa pabaya. Kikigusa ukuta wa barafu kitasoma karibu na sifuri, kikiwa karibu na mlango kitasoma 10. Kiweke katikati ya chanjo, usawa wa vichupa, ndani ya chupa ndogo yenye glaikoli ikiwa mtengenezaji ameitoa.
3. Waya wa kihisi umepita kwenye raba ya mlango ukaacha upenyo. Utaona mvuke au barafu imejikusanya hapo. Tumia waya bapa, upitishe upande wa bawaba, kisha jaribu kwa karatasi: ifungie mlangoni, ivute. Ikitoka bila kubanwa, raba haijashika.
4. Viwango vimewekwa vikali mno. Kuna waliopanga +3 na +7 "kwa usalama", kisha wakaacha kusoma ujumbe.
5. Friji yenyewe inaumwa. Rekodi ikionyesha joto linapanda polepole wiki hadi wiki, kifaa kinasema kweli.

Friji za jua zisizo na betri zina kichekesho chake: kila siku saa kumi na mbili jioni zinatuma UMEME UMEKATIKA, na saa kumi na mbili asubuhi UMEME UMERUDI. Jua limezama, basi. Friji hizi zinalala usiku kwa barafu iliyotengenezwa mchana. Zima kabisa tahadhari ya umeme kwenye friji ya jua, baki na ya joto.

## Joto lisilowezekana: 85, −127, −40

Namba hizi ni za waya, friji haihusiki. Kihisi cha kidijitali cha DS18B20, kile chenye waya tatu, husema 85 kikiwa kimewashwa lakini bado hakijapima, yaani umeme wake unakatika katika. Vifaa vingi huonyesha −127 pale ambapo kihisi hakionekani kabisa: waya umekatika au plagi imechomoka. Kwenye vihisi vya NTC vya waya mbili, waya uliokatika husomeka kama baridi kali, mfano −40, na waya zilizogusana husomeka kama joto kubwa kupindukia.

Anza kwenye bawaba, ambapo waya hukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Kisha plagi: unyevu wa friji hutia kutu ya kijani. Kisha badilishana kihisi na cha friji ya pili. Tatizo likihama na kihisi, nunua kihisi. Likibaki pale pale, ni kisanduku.

Kama namba inaelekea kuwa ya kweli lakini huiamini, tumia barafu. Ponda barafu, jaza thamosi, ongeza maji baridi safi ya kujaza nafasi tu, koroga, tumbukiza kihisi (kiwe cha chuma kilichozibwa) bila kugusa ukuta. Subiri namba itulie. Inatakiwa iwe kati ya −0.5 na +0.5. Ikisoma 1.5 kila mara, sahihisha kwenye menyu na uandike tarehe kwenye kisanduku. Ikiwa inacheza cheza, kihisi kimekwisha.

## Kifaa kinazima kila kinapotaka kutuma

Kipo sawa mchana kutwa, kikianza kutuma taa zinazima na kuwaka upya. Modemu za 2G huvuta hadi ampea 2 kwa kipande kidogo cha sekunde, na adapta ya simu ya zamani ya nusu ampea haiwezi. Weka adapta ya ampea 2 ya kuaminika yenye waya mfupi mnene, halafu jaribu. Ikiendelea, pima betri ya ndani wakati kifaa kinatuma: betri ya lithiamu ya volti 3.7 ikishuka chini ya 3.4 modemu nyingi hukata. Betri hizi huchoka baada ya miaka michache hasa chumba kikiwa na joto, na unayabaini haya siku umeme ukikatika, siku ambayo ndiyo ilinunuliwa kwa ajili yake. Kwa hiyo chomoa kifaa, si friji, mara moja kwa robo mwaka, uone kama kitaishi.

Acha hapo hapo ukikuta betri imevimba, ina joto au inatoa harufu. Usiitoboe, usiichaji tena. Itoe nje mbali na vitu vinavyoshika moto, mwite fundi.

## Friji imezima, kifaa kinasema umeme upo

Kifaa kinajua umeme wa soketi yake tu. Kikiwa kwenye soketi ya upande mwingine wa chumba, saketi ya friji inaweza kukata na kifaa kisijue. Hata soketi ya jirani haitoshi kama friji inapitia stabilaiza, kwa sababu stabilaiza hukata umeme ukiwa mdogo au mkubwa mno, na ukutani bado umeme unaonekana. Kifaa kinatakiwa kisome umeme baada ya stabilaiza.

Kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni, aongeze soketi inayofaa. Usitumie soketi ya kugawa ya dukani kwa friji ya chanjo, na usikate waya wa friji kuchomeka kifaa katikati. Usivute umeme kutoka kwenye paneli za friji ya jua pia. Baadhi ya friji mpya za jua zina tundu maalumu la umeme wa ziada. Kama yako haina, kifaa kipate chanzo chake.

## Ujumbe ulifika, hakuna aliyekwenda

Hospitali za Ulaya na Marekani ziliendesha tahadhari zao kwa peja kwa miongo mingi, na udhaifu wa peja ya kawaida ulikuwa huu: inapokea, haijibu. Mtumaji anabaki na imani tu. SMS tumeirithisha udhaifu ule ule, kwa sababu "imetumwa" kwenye kifaa haimaanishi kuna mtu ameamka.

Sababu ya kwanza ni simu yenyewe. Mlio wa SMS ni mfupi, na usiku simu nyingi ziko kimya. Kifaa kikiwa na uwezo wa kupiga, kipange kipige baada ya kutuma. Hata kama kinabipu tu, mlio mrefu unaamsha. Hifadhi namba ya kifaa kwa jina FRIJI CHANJO na uiruhusu ipite hata simu ikiwa kwenye hali ya kutosumbuliwa. Kisha angalia kama haikufungiwa: mtu aliyechoka na tahadhari za hovyo huifungia namba, halafu anasahau.

Sababu ya pili ni orodha. Ina mganga mfawidhi aliyehamishwa, muuguzi aliye masomoni, na fundi wa mradi uliokwisha. Kila makabidhiano ya kituo yaende na orodha hii. Inatosha watu watatu wenye zamu tofauti: aliye karibu na ufunguo, mfawidhi, na mtu wa wilaya. Mwenye ufunguo awe wa kwanza, hata kama ni mlinzi. Asiyejibu ndani ya dakika 30, ujumbe uende kwa anayefuata. Ujumbe ukienda kwa wote kwa mpigo, kila mmoja anadhani mwenzake amekwenda.

## Mahali pa kuweka bisibisi chini

- Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona soketi nyeusi, zima swichi kuu, mwite fundi umeme.
- Kompresa haiwaki, au unashuku gesi inavuja. Friji nyingi mpya zina gesi ya R600a inayoshika moto. Fungua madirisha, usiwashe wala kuzima chochote chumbani, usichome. Ni kazi ya fundi wa mnyororo baridi, na fundi wa friji za majumbani asiguse bila ruhusa ya wilaya.
- Paneli za jua hutoa umeme muda wote kuna mwanga, na hazizimwi kwa kuchomoa friji. Usifungue viungo vyake, usipande paani.
- Antena ya nje juu ya mlingoti bila kinga ya radi isifungwe kabisa.

## Kujaribu baada ya kurekebisha

Usipashe friji joto ili kujaribu. Toa kihisi peke yake, kishike kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, funga mlango. Kwa muda wa jaribio punguza muda wa kusubiri uwe dakika 1. Mpigie kila aliye kwenye orodha akusomee ujumbe alioupata neno kwa neno, siyo "nimeupata", kisha ajibu ili uone kifaa kinaacha kurudia. Chomoa kifaa ukutani, subiri tahadhari ya umeme, kirudishe. Rudisha kihisi mahali pake katikati ya chanjo.

Kisha rudisha muda wa kusubiri ulivyokuwa, uusome tena kwenye menyu, na uandike kwenye kisanduku kwa kalamu isiyofutika: viwango, muda wa kusubiri, namba ya laini, jina aliyeisajili, na tarehe ya kifurushi kuisha. Kesho saa moja asubuhi angalia kama ujumbe wa kila siku umeingia.